Ziwani Hatuitani Majina

Kabla hamjaniuliza lile swali ambalo kila mtu huniuliza, nalijibu mwenyewe tumalizane. Ndiyo, nilikuwa fundi wa mitambo ya boti. Na ndiyo, karakana yangu ilikuwa Vwawa, ambako maji mengi kuliko yote ni dimbwi la stendi wakati wa masika. Mnacheka? Chekeni. Hata mama yangu mzazi kule Igamba alikufa akiamini kwamba natengeneza spika za kanisani.

Naitwa Nambeye. Kaka zangu ni akina Simbeye, maana kwetu mwanaume na mwanamke wa ukoo mmoja hawabebi jina kwa namna moja. Siku hizi nimestaafu, napalilia kahawa na kugombana na ndege. Lakini nyie vijana mmekuja na madaftari yenu kutaka niwaeleze kazi, basi kaeni, na anayetaka kuchezea simu aende akachezee barabarani.

Kazi nilifundishwa Tunduma na Mzee Sichone, mtu mfupi mwenye hasira za karibu. Kibanda chake kilikuwa kando ya foleni ya malori ya mpakani. Boti za kwenda Ziwa Tanganyika upande wa Zambia zilipita pale zikiwa zimepandishwa kwenye malori, na lori likikwama kwenye foleni, mwenye boti anakuwa na muda wa kutosha kufungiwa redio, kipima kina, kamera, chochote. Tulikuwa tunapanda ngazi, tunaingia kwenye boti iliyo juu ya lori katikati ya barabara, tunafanya kazi huku madereva wa Zambia wakinichokoza kutoka chini: "Mulishani, ba mayo! Hujambo, mama! Umeshavua wangapi?" Nawajibu kwamba nimevua mmoja tu, mjinga, na ndiye huyo anayeniuliza maswali.

Sasa sikilizeni, nyie mnaofungua video kabla hamjashika bisibisi. Mtambo ukigoma, anza na umeme. Usiguse kitu kingine. Na usipime pale kwenye betri ukaridhika. Pima pale waya unapoingia kwenye mtambo, tena mtambo ukiwa umewashwa, maana waya mwembamba hula umeme njiani. Ukitoka hapo nenda kwenye viungio. Maji ya Rukwa yana magadi, yanaacha kutu ya kijani ndani ya kiungio ambacho kwa nje kinang'aa. Kikate, fanya kipya. Usikipake grisi ukajidanganya. Waya unaoingia kwenye mtambo uache ulegee kidogo, ushuke kabla haujapanda, ili maji yadondokee pale chini yasiufuate mpaka ndani. Mwisho ndiyo antena, ambayo ni sikio na ni mdomo. Waya wake usiulaze pamoja na nyaya za injini, utasikia injini inahubiri.

Mzee Sichone alikuwa na neno lake la mwisho: "Ukimaliza mtambo wote na bado haufanyi kazi, mchunguze anayeushika." Nilidhani ni utani wa kizee.

Makosa nimefanya, msifikiri nimezaliwa na mita mkononi. Kazi yangu ya kwanza ziwani nilifunga kipima kina karibu mno na pangaboi la injini. Mapovu yakawa yanapita mbele yake, na kioo kinayaonyesha kama samaki. Jamani, samaki! Kioo kimejaa juu mpaka chini. Wavuvi wakatupa nyavu wakishangilia, wakavuta maji matupu. Mpaka kesho kuna wazee kule wananiita Mama Povu. Na kijana mmoja niliyemfundisha mimi mwenyewe aliifunga ruta ya intaneti ndani ya sanduku la bati ili isilowe, halafu akanipigia simu kulalamika kwamba mtandao hakuna. Bati, mwanangu! Umeufunga mtandao jela, utatokaje?

Hayo ni ya kucheka. Sasa nawaambia lingine, na hili sijalipatia maelezo mpaka leo.

Rukwa si ziwa la kukaa mahali pamoja. Likijaa linatambaa, linameza mashamba, mapori na vijiji. Miaka mingine linarudi nyuma. Ramani iliyo ndani ya jipiesi haina habari. Utakuwa ndani ya boti, maji pande zote, na kioo kinakuambia uko nchi kavu, unakatiza katikati ya kijiji, na jina lake limeandikwa.

Siku moja nilikuwa najaribu kipima kina kipya pamoja na mvuvi mmoja mtu mzima, Kasonso. Tulikuwa tunapita taratibu juu ya sehemu ya namna hiyo. Chini ya ziwa, mkichunguza kioo, matope huonekana yamelala, na mawe huonekana ovyo ovyo. Pale palikuwa na mistari iliyonyooka, na kona zake. Mmoja, wa pili, wa tatu. Nikafurahi, maana kipima kina kilikuwa kinaona vizuri sana. Kasonso akasema nyuma yangu, kwa sauti ndogo, "Fundi, zima."

"Ni kuta tu, mzee wangu."

"Najua ni kuta. Huo wa tatu ni wa kwetu."

Nikazima. Tukiwa tunarudi ndipo aliponipa sheria ya ziwani, ambayo kila mgeni wa kambi hupewa siku ya kwanza. Majini hatuitani majina. Unaita boti, au unapiga mluzi. Ukilisikia jina lako majini, hata kama sauti ni ya mkeo, usiitike na usigeuke. "Maana anayekuita kwa jina," alisema, "hayuko juu ya maji." Mimi mtoto wa kanisani, nikaitikia kwa kichwa kama mtu anavyomwitikia mlevi ili amwache aende zake.

Sasa, kwenye kambi ile kulikuwa na boti moja ya fiber iliyoitwa Neema. Mwenye boti alikuwa Mama Festo, mfanyabiashara wa samaki wa Tunduma, mwanamke mrefu, mcha Mungu, mwenye kifua kibovu. Akisema maneno matatu anakohoa mara moja. Boti yake haikuvua. Ilizunguka ziwani ikinunua samaki kwa wavuvi na kuwaleta kwenye barafu. Nahodha alikuwa Festo, mwanawe, kijana mpole wa kwaya, na msaidizi wake alikuwa huyo huyo Kasonso. Mama Festo alikuwa na watoto wawili wa kiume. Mkubwa alishamzika. Mjane wa huyo mkubwa, Stela, alikuwa pale pale kambini anakausha samaki na kupikia vibarua, na mdomo wake, wanangu, ulikuwa unakata kuliko kisu chake. Yeye na Festo ni shemeji kwa shemeji, basi kutwa kucha ni kutukanana na kucheka.

Neema niliifungia mimi redio, jipiesi, na ruta yenye antena ndefu ya kutuma mahali ilipo kwenye simu ya mama. Kambini nikafunga redio nyingine, moja tu. Kambi nzima haikuwa na redio zaidi ya hizo mbili. Wengine walikuwa na simu zao, na simu ukienda mbali kidogo na ufuko zinakufa.

Redio ya kambini ikaugua. Ikawa inasikia lakini haitoi sauti. Nikaifungua, nikaipeleka Vwawa, nikakuta kiungio cha ndani kimeliwa na magadi. Nikaitengeneza, nikaifunga kwenye kitambaa, nikaitia kwenye begi langu na kuanza safari ya kuirudisha. Nililala Mbangala kwa binamu yangu, na begi lilikuwa chini ya kitanda nilicholalia. Alfajiri nikapanda bodaboda.

Ulikuwa mwisho wa kiangazi, mbuga zinachomwa. Moshi ulikuwa umeshuka ukachanganyika na ukungu wa ziwa, hata jua lilipotoka lilikuwa jekundu na unaweza kulitazama bila kufumba macho. Nilipofika kambini sikusikia redio wala kelele za watu. Mbwa walikuwa wamelala wote wameelekeza pua ziwani. Watu walikuwa wamesimama ufukoni, na wa mbele kabisa, maji yakiwa magotini, alikuwa Mama Festo.

Neema ilikuwa haijarudi tangu jana.

Alinionyesha simu yake bila kunisalimia. Kidoa cha mwisho kilichotumwa na ruta kilikuwa cha jana mchana, kabla mtandao haujakata. Kwenye ramani kilikuwa kimekaa katikati ya kile kijiji kilichozama, jirani na alama ya msalaba ya kanisa. Upande huo ndiko iliko ile miti mikavu, msitu mzima uliosimama ndani ya maji, mpana hata huwezi kuumaliza kwa jicho siku yenye mwanga. Boti mbili zilikuwa zimekwenda kulipopambazuka, zikazunguka nje ya miti, zikapiga kelele, hazikujibiwa. Kuingia ndani bila kujua pa kwenda hakuna aliyethubutu, maana visiki vinatoboa boti, na mamba wa Rukwa mnawasikia. Halafu kulikuwa na upepo. Mchana wa kiangazi upepo wa kule huja bila hodi, ukiikuta boti imenasa kwenye miti unaipigiza mpaka inafunguka. Wavuvi walikuwa wanatazama juu kila mara. Kama Festo na Kasonso wangekuwa hai, walikuwa na asubuhi ile tu.

"Fundi," Mama Festo akaniambia, "niunganishie. Nizungumze na mwanangu."

Sijawahi kufunga mtambo haraka vile. Nikakosea waya wa chanya na wa hasi, bahati fyuzi ndiyo iliyokufa peke yake. Nikabadilisha. Taa ikawaka. Nikapima umeme, mzima. Nikapima antena, nzima. Redio ikaanza ule mvumo wake wa shaa, na mama akaninyang'anya maiki.

"Festo! Festo mwanangu! Ni mama yako, itika!" Akakohoa. "Festo!"

Mvumo.

Halafu mvumo ukakatika. Kimya kizito kikakaa pale, kisha mvumo ukarudi. Nikaisogelea redio, kwa sababu najua maana yake. Redio ya namna ile hunyamaza hivyo pale tu ambapo mtu wa upande wa pili amebonyeza kitufe. Mtu alibonyeza, akashikilia, akaachia, hakusema.

"Yupo!" nikasema. "Mama, yuko mtu. Anatusikia."

Basi mama akaita kama mtu anayefufua. Alimwita Festo kwa jina la ubatizo, akamwita kwa jina la babu yake, akalia, akaomba. Kila akimaliza tulingoja. Mvumo unakatika, kimya, unarudi. Mara moja ndani ya kile kimya tulisikia pumzi. Pumzi za mtu, za haraka haraka, karibu na maiki. Mama akapiga ukelele, "Ameumia! Hawezi kusema!" Lakini mimi nilikuwa nimeona jambo. Kadiri alivyomwita jina, ndivyo kile kimya kilivyozidi kuwa kifupi. Mtu wa kule alikuwa anaondoa kidole haraka, kama mtu anayegusa sufuria ya moto. Nikaanza kuogopa kwamba atazima.

Nikarudi kwenye mtambo. Umeme, viungio, antena. Vyote vizima. Kosa halikuwa kwenye waya hata mmoja.

Stela akasema kutoka nyuma, na kwa mara ya kwanza nilimsikia akiongea taratibu, "Mama, unamwita jina."

"Nimwite nani sasa, na Festo ndilo jina lake?"

"Yuko majini. Hataitika. Hata mimi nisingeitika."

"Mambo ya giza hayo, Stela! Mimi ndiye niliyemzaa. Ataacha kunijua mimi?"

"Anakujua, mama. Ndiyo maana anaogopa."

Mama Festo akamwinulia mkono. Nilimshika. Nikamwomba maiki, akakataa, ikabidi nimfungue vidole kimoja kimoja, na mnisamehe, lile ni jambo gumu kuliko yote niliyowahi kufanya kwenye kazi hii. Nikaita kwa utaratibu wa kambi: "Neema, Neema, hapa kambini." Mvumo ukakatika. Pumzi. Ukarudi. Nikaita tena. Safari hii haukukatika kabisa.

Nikafikiri, huyu sasa haamini kitu. Sisi huku tunatafuta mtu, na yeye kule anadhani si watu. Unamthibitishiaje mtu kwamba wewe ni mtu, kwa redio? Ukitaja majina, ndiyo kabisa. Ukilia, ndivyo vilevile.

"Nipe," Stela akasema. Akafuta mikono kwenye kanga, akashika maiki kama anavyoshika mwiko.

"Wewe mwanaume mwenye masikio kama mifuniko ya sufuria! Umejificha huko ili nani asonge ugali? Vibarua wako wanakula kama mchwa, mimi mgongo umekatika, na wewe umekaa na kizee mwenzio mnapigwa na kivuli! Ukirudi nakuoza kwa yule bibi wa maandazi asiye na meno, mlingane vizuri, yeye hana meno na wewe huna akili. Na usijidai hunisikii, masikio yote hayo ni ya kuanikia dagaa?"

Ufukoni watu wakatazamana. Mama mtu mzima anatukaniwa mwanawe mbele ya watu, na mwanawe pengine ni maiti.

Mvumo ukakatika.

Kwanza ilikuwa pumzi. Halafu kitu kama kikohozi, kama chafya. Kisha tukatambua kwamba mtu anacheka. Anacheka huku analia, cheko la mtu aliyekauka koo. "Shemeji," sauti ikasema. "Shemeji wewe, hata kaburini utakwenda na mdomo huo."

Mama Festo akakaa chini mchangani.

Yaliyobaki yalikwenda haraka. Stela hakumpa nafasi ya kuogopa tena, akaendelea kumsimanga huku akimwamuru: chukua sufuria, piga, na usiache kupiga hata mkono ukikatika, huo mkono wenyewe una kazi gani nyingine. Boti mbili zikaenda mpaka ukingo wa miti, zikazima injini, zikasikiliza. Wakaufuata mlio wa sufuria kwa kasia, wakikata matawi. Waliwakuta pangaboi limebanwa katikati ya visiki viwili, maji yamefika kwenye viti, midomo yao imepasuka. Upepo ulipoanza walikuwa wameshatoka kwenye miti, na Neema waliiacha huko huko.

Nilidhani yameisha. Mama alikimbilia majini mikono imefunguliwa. "Festo! Mwanangu Festo!"

Na Festo akarudi nyuma. Nawaambia nilichokiona kwa macho yangu. Kijana yule alimtazama mama yake, akasogea nyuma ya Kasonso, akamshika shati mzee wa watu kama mtoto wa chekechea. Mama akasimama na mikono yake ile imefunguliwa.

"Mama," Festo akasema, "jana kwa nini ulitupeleka kule?"

"Kule wapi?"

"Kwenye miti. Tulipotea kwenye moshi jana mchana, jipiesi inatuonyesha nchi kavu tu, redio ikaita. Ukaniita jina. Kasonso alinikataza, nikamwambia ni mama, fundi ameshairudisha redio. Ukasema, nakuona, mwanangu. Ukasema, pinda kulia. Ukasema, nyosha hivyo hivyo, nakuona, umekaribia. Mpaka tukagonga. Tulipogonga ukanyamaza."

Mama Festo akanigeukia mimi. Watu wote wakanigeukia mimi, maana mimi ndiye fundi. Na mimi nilikuwa najua kitu kimoja tu. Jana mchana redio ya kambini ilikuwa kwenye begi langu, imefungwa kwenye kitambaa, haina betri wala antena, na begi liko mapajani mwangu ndani ya basi dogo la Mkwajuni.

Nikawaambia ninayowaambia ninyi sasa. Kwamba mawimbi ya redio siku ya joto huweza kupinda, yakabeba mazungumzo kutoka ng'ambo ya mbali. Kwamba huenda mama mmoja upande wa pili wa ziwa alikuwa anamwelekeza mwanawe, na huyo mwana naye anaitwa Festo, jina si haba. Nilieleza vizuri. Nilichora hata kwenye mchanga.

Kasonso akanisikiliza mpaka mwisho, kwa heshima. Kisha akasema, "Ilikohoa, fundi. Kila baada ya maneno matatu."

Sikuchora tena.

Tangu siku ile, kambini pale redio haifunguliwi kwa salamu. Nimefunga redio sehemu nyingi, na pale ndipo mahali pekee ninapopajua ambapo nahodha akiita, kwanza anatukanwa, akicheka ndipo mazungumzo yanaanza. Wageni wanashangaa, wanasema wavuvi hawa hawana adabu. Waacheni waseme. Na ninyi mkienda kufunga mitambo mahali, kabla ya kutoa bisibisi, waulizeni wenyeji kwanza wanaitanaje. Hilo hamtalikuta kwenye kitabu cha mtambo. Mzee Sichone aliniambia nimchunguze anayeushika, sikumwelewa mpaka siku ile.

Festo aliacha ziwa. Sasa anatengeneza pikipiki Tunduma, ana mke. Mama yake ana duka mtaa wa tatu kutoka kwake. Kumkumbatia anamkumbatia, wamerudiana, Mungu asifiwe. Lakini jina hamwiti. Mwanamke aliyembatiza mwanawe kwa jina hilo, tangu siku ile hajalitamka. Anamwita "wewe", anamwita "masikio". Aliniambia akiona mtoto ameshtuka kwa sauti yake inamchoma kuliko kifua chake kinavyomchoma. Na simu wana utaratibu wao. Festo akipiga, mama haanzi na haloo. Anaanza na tusi. Festo anacheka. Akishacheka ndipo wanasalimiana kama watu.

Mwezi uliopita nilishuka Tunduma kutafuta mbolea, nikapita dukani kumsalimia. Ilikuwa saa tano asubuhi, malori yananguruma nje, tumekaa, mimi nakunywa chai, yeye anafunga unga kwenye vifuko. Simu yake ikaita. Kwenye kioo kulikuwa na picha ya Festo na mwanawe mchanga. Mama akaweka sauti ya nje, kwa sababu mikono ilikuwa na unga.

"Masikio ya mfuniko wewe, umeamka saa hizi?"

Kimya.

"Nakuuliza wewe, au umelala na bibi wa maandazi?"

"Mama," sauti ikasema. Ilikuwa ya Festo. Naijua. "Mama, ni mimi."

Mama Festo akaitazama simu. Uso wake ulikuwa unamtaka yule mtoto, nilivyouona, kila kitu usoni kilikuwa kinamtaka. Akafuta kidole kwenye kanga, akakata simu, akailaza kifudifudi mezani.

"Hakucheka," akaniambia.

Nilikuwa na majibu yangu tayari. Mtandao wa mpakani unachanganyika na wa Zambia, sauti inachelewa, malori yana kelele. Nimewaeleza watu hayo maisha yangu yote. Badala yake nikajisikia nikiuliza, "Na kama ni yeye kweli, mama? Kama ana shida?"

Simu ikaanza kuita tena, ikitetemeka pale juu ya meza. Mama Festo hakuigusa. Alivuta kiti chake, akakigeuza kitazame mlangoni.

"Kama ni yeye," akasema, "atakuja kwa miguu."

Nami nikageuza changu.